Chai ya Chumvi

Mama Anyitike alinirudishia sufuria yangu.

Pengine utaona ni jambo dogo. Lakini sufuria ile aliiazima wakati Sekela, mjukuu wangu, alikuwa bado anatambaa, na sasa Sekela ni mwanamke mzima anayejua kuotesha mchicha mahali pasipo na udongo. Miaka yote hiyo nilikuwa naiona jikoni kwa jirani yangu, na lile doa la kuungua ubavuni, na kila nikiiulizia ananijibu kwamba hiyo ni yake, yangu ilipotelea msibani. Tulishanuniana kwa ajili ya sufuria ile, na kwa ajili ya migomba yake inayoegemea paa langu. Asubuhi ile akaja nayo imesuguliwa mpaka inang'aa, ndani ameweka maharage mabichi, akasema kwamba alikuwa amenikumbuka tu. Akanishika mkono. Macho yake yalikuwa na machozi.

Nilimshukuru, maana alikuwa ametoka na mvua kuniletea. Nilipofunga mlango nilikaa kwenye kigoda bila kupenda, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona Mama Anyitike akimshika mtu mkono namna ile. Ilikuwa mwaka jana, kwa Mzee Andengulile, jirani yetu wa bondeni.

Nilijipapasa mkono wa kushoto, mahali punje ilipo. Ni ndogo kama punje ya ulezi. Watoto huwekewa chini ya ngozi wanapozaliwa. Sisi wazee tulipangwa foleni pale shuleni tukawekewa kwa siku moja, tukapewa na soda. Inaonja damu mchana na usiku na kupeleka habari mnarani. Ikikuta sukari imepanda, inakuambia mwenyewe. Ikikuta presha, inakuambia. Lakini kama umeshavuka miaka sabini, na imekuta kile kiashiria cha saratani kimepanda na hakitaki kushuka, wewe haikuambii. Inawaambia watu wako.

Sheria hii tuliipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa huku kwetu tulikuwa tunafanya hivyo hata kabla ya minara. Daktari aliwaita ndugu pembeni, wakalia huko huko, wakafuta macho, wakarudi kwa mgonjwa wakisema ni vidonda vya tumbo tu. Wakubwa walichofanya ni kuuandika upole wetu na kuupa jina: Sheria ya Upole. Mzee hachomwi dawa kali wala hapasuliwi. Anaachwa apumzike, na waliomzunguka wanapokea ujumbe. Wa Mzee Andengulile niliusoma polepole, maana mimi si msomaji wa haraka: *Mtendeeni kwa upole. Msimwambie.* Nikampelekea uji wa ulezi, nikamwambia ananawiri.

Sasa nilikuwa nimeketi na sufuria mapajani, nikiyatazama maharage.

*

Ukishaanza kushuku, kila wema unakuwa na kivuli. Kwenye mizani ya chai wenzangu walinipisha nipime kwanza, na mpimaji hakutoa hata jani moja gumu kwenye kikapu changu. Kwaya ya kina mama walinipa kiitikio niimbe peke yangu, mimi ambaye sauti yangu imekatikakatika siku nyingi na wao wenyewe walishaniomba niwe nachezesha midomo tu. Mchungaji alinisindikiza hadi kwenye daraja. Nililala nikiyafikiria mambo hayo, nikaamka nayo.

Halafu Sekela akarudi kutoka Mbeya na begi lake lote.

Sekela alikuwa amechaguliwa kwenda Mwezini. Kuna mashamba kule, ndani ya nyumba za vioo, na wanahitaji vijana wanaojua mimea. Aliisomea kazi hiyo tangu akiwa na meno ya utoto, nikisema kweli, maana nilimkuta akipanda maharage kwenye pamba na kuniuliza kama yanajua juu ni wapi. Chombo kinaondoka mara moja tu kwa watu wa umri wake. Wakati wa safari itakayofuata angekuwa amepita umri.

Akaniambia ameahirisha. Alisema anataka kukaa nami kidogo, ajifunze kupika mbalaga, ndizi zetu, maana huko mjini wanaziharibu. Akasema atakwenda mwakani. Wakati anasema hivyo alikuwa anasugua sikio lake la kulia, na Sekela tangu mdogo akidanganya husugua sikio.

Mwakani hakukuwa na chombo. Jina lake lingeshikiliwa hadi mwisho wa mwezi, na baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Hilo nililijua kwa sababu aliwahi kunieleza mwenyewe, siku zile alipokuwa bado ananiambia mambo.

Nilitaka kuwa na hakika. Ikupa, mke wa mwanangu Lusekelo na mama yake Sekela, ni mwanamke mwema ambaye hajawahi kunyamazia chakula kibaya. Mboga ikizidi mafuta anasema. Wali ukishika chini anasema, na jirani wanasikia. Basi alipokuja Jumapili nilimchemshia chai ya maziwa, na kwenye kikombe chake nikatia vijiko viwili vya chumvi badala ya sukari. Nikakaa mbele yake.

Alikunywa funda la kwanza. Niliona koo lake likikataa. Akanitazama, akatabasamu, akanywa tena.

"Tamu, Mama," akasema. "Ndaga, asante."

Alimaliza kikombe chote, mpaka chini kulikobaki chumvi. Nilimwonea huruma, nikampa ndizi mbivu aondoe ile ladha, naye akaila haraka haraka. Hajawahi mtu kunifanyia jambo la upendo kama lile, na lilinitisha kuliko yote.

*

Nilikwenda zahanati ya kata kwa miguu yangu. Nilikuwa na sababu: kwa miezi nilikuwa nahisi uzito upande wa kushoto chini ya mbavu, na chakula kidogo tu kilinishibisha. Daktari alikuwa mgeni kwetu, Mpare anayeitwa Nuhu Mbaga, kijana mrefu anayeinama anapokusalimia ili usinyanyue shingo. Aliniamkia shikamoo mara mbili, nadhani ya kwanza aliona sikuisikia.

Alinilaza akavuta mashine ya picha. Mashine ilipokaribia mkono wangu ikasoma punje, ikagoma. Kwenye kioo chake yakatokea maandishi ya kijani. Daktari aliweka kiganja juu yake upesi, lakini nilikuwa nimeshaliona neno, na lilikuwa neno fupi: *Apumzike.*

Alinibonyeza ubavu kwa vidole, akabonyeza tena, akatulia kama mtu anayesikiliza. Kisha akaniuliza mambo ambayo sikuyaelewa: kama nimewahi kuanguka nikaumia pale, kama nimewahi kufuga mbwa na kondoo pamoja, kama nguo zimeanza kunibana au kunilegea. Alinitoa damu kidogo kwenye kichupa. Wakati ananifungulia mlango aliniambia, akiangalia nje, kwamba keshokutwa asubuhi atakuwa kwenye banda la ushirika wa maziwa, na kama nitapita huko kuchukua mtindi itakuwa vizuri.

Njia nzima nilijiuliza daktari wa watu ana kazi gani kwenye banda la ng'ombe.

*

Kazi yake ilikuwa mashine. Ushirika una mashine ya picha ya kupimia ng'ombe mimba, na haijaunganishwa na mnara kwa kuwa ng'ombe hawana punje. Daktari wa mifugo alikuwa amekwenda joshoni akaacha ufunguo. Mbaga alitandika magunia safi, juu yake akatandika koti lake mwenyewe, jeupe, akaniambia nilale. Mafuta ya kupakia yalikuwa baridi, naye aliyasugua kwanza viganjani yapate joto kabla ya kunipaka. Ndama mmoja alikuwa ametoa kichwa kwenye uzio akitutazama.

Alinigeuzia kioo. Niliona kitu cha kijivu, na katikati yake duara jeusi, kubwa kama boga.

Alinieleza taratibu. La kijivu lilikuwa bandama langu. Jeusi lilikuwa maji, yamefungwa ndani ya mfuko, na pengine mfuko ule nilizaliwa nao ukiwa mdogo kama harage, ukakua nami. Ukuta wake kwa ndani umetandazwa ngozi laini, na ngozi ile, bila ubaya wowote, hutengeneza kitu kilekile ambacho saratani fulani hutengeneza. Kinajaa mfukoni, kingine kinavuja kwenye damu. Punje inapima kilichomo kwenye damu. Haiulizi kimetoka wapi.

"Kwa hiyo sina saratani," nikasema.

"Nadhani huna, Bibi."

Nilicheka. Nisamehewe, lakini nilicheka nikiwa nimelala juu ya koti lake. Mzee Andengulile tulimwambia ni gesi tu. Mjomba wangu aliambiwa ni baridi yabisi. Ukiwa unakufa katika nchi yetu, kila mtu anakuambia hujambo, na sasa nilikuwa nimeambiwa sijambo. Ningejuaje tofauti? Nikawaza kwamba pengine Sekela amemwomba, pengine hata ule mfuko ni picha ya ng'ombe fulani mwenye mimba. Nikamuuliza kama na yeye alipokea ujumbe.

"Nilipokea," akasema. "Mimi ni daktari wako."

"Basi hayo unayoniambia ni upole."

Alikaa kwenye ndoo ya kukamulia, akainamisha kichwa. Nilidhani atalia kama Mama Anyitike. Badala yake akaniambia mabaya.

Alisema njia ya kuhakikisha ni kupitisha sindano katikati ya mbavu na kuyanyonya yale maji. Bandama ni kama sifongo iliyolowa damu. Likichanika, naweza kuvuja kwa ndani, na yeye hana damu ya kuniongezea. Kuna mifuko ya maji inayoletwa na minyoo ya mbwa na kondoo, na hiyo ukiitoboa mgonjwa anaweza kufa pale pale. Damu yangu ilionyesha sina, lakini kipimo hicho nacho hukosea. Kama amekosea yeye, na ndani mna saratani, basi atakuwa ameimwaga tumboni na nitakufa mapema na kwa maumivu. Hata akipatia, mfuko unaweza kujaa tena, ikabidi nipasuliwe hospitali kubwa. Ugonjwa huu amewahi kuuona kwa mgonjwa mmoja tu, mengine amesoma.

"Na mimi nitafungwa," akasema. "Hapa tu tulipo nimeshavunja sheria. Naogopa, Bibi."

Ndama alikuwa akilamba ubao. Nilimtazama yule kijana. Tangu sufuria irudi, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba anaogopa. Hakuna aliyeniambia neno moja la kuniumiza. Huyu alikuwa ameniambia kufa, kuvuja, kufungwa, yote kwa kikao kimoja, na mtu anayetaka kukubembeleza hakubembelezi hivyo. Nilianza kumwamini.

Nilimwomba anipe muda nifikiri, akatoka nje akasimama kwenye manyunyu.

Nikikataa, na ni maji tu, nitaishi. Naweza kuishi miaka mingi, babu zangu walikuwa watu wa kudumu. Na Sekela atakuwa hapa, akinitazama kila asubuhi, akisubiri nife. Hatakuwa na ubaya moyoni, lakini atakuwa anasubiri, na Mwezi utakuwa unapita juu ya paa letu. Nikikubali nikafa, nitakuwa nimemfunga mtoto wa watu aliyenitandikia koti. Na siwezi kumuuliza mtu yeyote ushauri. Nikimwambia Ikupa, atalazimika kunijibu kwa upole. Nikimwambia Sekela kwamba sina saratani, atasugua sikio na kusema, ndiyo Bibi, hakika huna.

Nilimwita daktari nikamwambia anitoboe.

*

Alifanya siku ya pili, hapo hapo bandani. Nilishika ubao wa uzio. Sindano iliuma kuliko alivyosema, na alikuwa amesema itauma sana. Maji yalitoka mengi, rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Alitia tone moja kwenye kipande cha karatasi ya kupimia, nacho kikageuka zambarau hadi mwisho, akanionyesha kwamba kile kitu kilichokuwa kinavujia kwenye damu kimejaa humu kuliko damu yenyewe. Nilimwambia vizuri, ingawa mimi zambarau ile haikuniambia kitu. Alinikalisha pale hadi mchana, akinipima mapigo ya moyo, akininywesha mtindi kwa kijiko. Alisema damu ikisafika, mnara utaona wenyewe, na ujumbe utaondolewa kwenye simu za watu wangu. Lakini mimi sitaambiwa, kama ambavyo sikuambiwa mwanzo. Aliniomba nisimseme, nikamwahidi.

Basi nikakaa kusubiri kitu nisichoweza kukiona.

Uzito ulikwisha. Nikaanza kula. Siku moja nilimaliza sahani ya mbalaga nikaomba nyingine, na Sekela akatoka nje upesi. Nilimsikia akilia nyuma ya jiko. Watu wetu huamini kwamba mgonjwa akikaribia safari hupata nafuu ya ghafla, akala, akacheka. Kwa hiyo kadiri nilivyopona ndivyo walivyozidi kunilainikia. Lusekelo alipiga simu kutoka kazini akaniimbia wimbo. Wanakwaya walikuja kuniimbia nyumbani. Mama Anyitike alikata mgomba wake mmoja uliokuwa unaegemea paa langu, na hapo nikapata hofu mpya. Usiku niliwaza kwamba daktari naye kanidanganya vizuri zaidi ya wote.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Begi la Sekela lilikuwa bado uvunguni.

Jumapili ya mwisho Ikupa alikuja tena. Nilimwona akipanda kilima na kikapu. Nikachemsha maziwa. Nikatia majani. Nikachukua kopo la chumvi, nikatia vijiko viwili, nikakoroga.

Alipokea kikombe bila kukitazama, akanywa funda kubwa.

Akalitema lote mlangoni.

"Mama, hii nini?" akasema. "Unataka kuniua? Chumvi yote hii, huoni? Na maziwa umeyaunguza."

Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Nilikaa kwenye kigoda nikacheka, nikalia, nikacheka tena, naye akasimama na kikombe mkononi akiendelea kunigombeza kwamba mtu wa umri wangu aweke chumvi na sukari mbalimbali, hayo ni mambo ya kuambiana kila siku? Halafu akanyamaza. Akakitazama kikombe. Nikaona anakumbuka kile cha kwanza.

"Ulikuwa unajua," akasema polepole.

Nilikipokea kile kikombe tu. Hakuruhusiwa kuniambia, na mimi nilikuwa nimeahidi. Sekela alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, simu mkononi, uso umemvimba kwa kulia kwa namna nyingine. Nilimuuliza kama bado anataka kujifunza kupika mbalaga.

"Hapana, Bibi," akasema, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika simu, haikugusa sikio. "Nataka kwenda."

Nikamwambia begi liko uvunguni, lakini panya wamelikojolea kidogo, alianike kwanza.

*

Kabla Sekela hajaondoka, Mama Anyitike alipita kuniuliza kuhusu sufuria. Alisema amefikiria vizuri, na anaona kweli ile ni yake, yangu ilipotelea msibani. Alisema pia migomba ni yake na angani hakuna mpaka. Nilimpa sufuria, na ndani yake nikamwekea unga wa ulezi, maana alikuja kwangu na mvua siku ile aliyodhani nakufa, na hilo sitalisahau hata tukinuniana.

Ulezi uliobaki niliupika uji. Nilimimina kwenye chupa, nikajitanda kanga, nikateremka bondeni.

Mzee Andengulile alikuwa ameketi kibarazani kwenye kiti ambacho vijana walimletea mwaka jana, kizuri, chenye mito. Alikuwa mtu wa kulima. Tangu ujumbe ulipokuja tumemnyang'anya jembe kwa upole, tumemnyang'anya ng'ombe kwa upole, na sasa hata kuni hachanji. Alinikaribisha, akausifu uji kabla hajauonja.

Nilikuwa nimemwendea daktari kumuuliza juu yake. Alishtuka. Alisema hajui, wengi wa waliopewa ujumbe wanaumwa kweli, labda karibu wote. Nikimfungua macho mtu ambaye kweli anaumwa, nitakuwa nimempa hofu tu na sina cha kumpa baada yake. Nililibeba neno hilo kilima kizima. Nililiona lina uzito, na bado niliteremka.

Tulizungumza habari za mvua. Tulizungumza habari za Sekela. Alinitazama kwa yale macho ya mtu anayetazamwa na kila mtu, na ghafla nikajua kwamba siwezi kumwambia anaonekana ananawiri.

"Mzee," nikasema, "unaumwa wapi?"

Kikombe kilisimama njiani. Aliketi hivyo, nikadhani nimemharibia siku zake, nikataka kuirudisha kauli. Kisha akakiweka kikombe chini, taratibu, kisimwagike.

"Mwaka mzima naletewa uji," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Akauchukua mkono wangu, akauweka mwenyewe chini ya mbavu zake.